Nukuu ya Neema

Alhamisi usiku, Ilembo

...na bado wanazitupia tu nukuu kwenye insha, kama mawe kwenye wali. Hawasemi nani kasema, wala kwa nini. Muhula mzima nimeimba: tambulisha, nukuu, fafanua. Kidato cha nne wananiitikia "ndiyo mwalimu," halafu wanaandika vilevile. Mtihani wa taifa huo unakuja, na wa kuulizwa ni mimi.

Leo Neema kaingia darasani kipindi kinakwisha. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasimama wima.

"Mwalimu, kama anavyosema mama yangu anaponituma shambani Kasokola kufukuza ndege, 'Shule itakuwepo kesho, mpunga ukiliwa leo umeliwa.' Hii inaonyesha nafasi ya mwanamke katika uzalishaji mali."

Darasa zima likacheka. Nikajua ananidhihaki, nikamtuma akafyeke majani nyuma ya vyoo.

Sasa nimemaliza kusahihisha insha zao zote. Nukuu iliyotambulishwa vizuri, ikakaa mahali pake, ikafafanuliwa, muhula huu nimeipata moja tu.

Nayo nimeituma ikafyeke majani.