Shuka la mama mkwe juu ya hoho

Shoga, leo nimeumbuka, sijui nijifiche wapi.

Unazijua hoho zangu za kwenye ndoo, kule juu ya paa. Jua la huku lilishazibabua, nikazitundikia shuka lile la maua zipate kivuli. Nilisahau kabisa nani alitupatia.

Mama mkwe si akapanda kuanika nguo. Akalishika pindo. Kisha: "Mwanangu, hili si ndilo nililowapa siku ya harusi?"

"Ndilo, mama." Ningesema nini tena? Ndilo, mama.

Nikangoja kusemwa. Akainama, akaingia chini ya shuka, akakaa kati ya ndoo.

"Kumbe hoho mnazionea huruma. Mimi mmenilaza chumba kinachochemka."

Mume wangu karudi sasa hivi, anauliza mama yuko wapi. Nimemwambia kahamia kwa hoho, na ameagiza mto.