Lalamiko la Mistari Iliyopinda

Kwa Dada yangu mkubwa, mwenye heshima zote,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe pamoja na shemeji na wote wanaolala chini ya paa lenu. Ni matumaini yangu kwamba goti lako limetulia tangu mvua zilipokatika, na kwamba shemeji ameacha kupanda ngazi kwenda kugongelea mabati mwenyewe ilhali mafundi wapo. Huku kwetu tu wazima kwa sehemu kubwa. Ile sehemu ndogo nitaieleza mahali pake, kwa utaratibu.

YAH: KUBADILISHWA KWA PROGRAMU YANGU YA KUANDIKIA, NA MAMBO YALIYOFUATIA

Najua utacheka kuona nimekuwekea kichwa cha barua, wewe uliyenibeba mgongoni. Lakini barua isiyo na kichwa ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, na mimi sijakulia katika nyumba ya namna hiyo, wala wewe. Ningeweza pia kukupigia simu. Tatizo ni kwamba kwenye simu hunikatiza.

Unafahamu kuwa tangu nilipostaafu utunzaji wa ghala katika kiwanda cha mikate, shughuli yangu ni kuwaandikia watu maombi na malalamiko yao. Kila Ijumaa huyaweka yale yanayofaa kuwa mfano kwenye blogu yangu, ili asiyeweza kufika barazani kwangu ayanakili. Mtaa mzima huniita Taadhima, kwa sababu hakuna barua yangu isiyoanza kwa heshima na taadhima. Wengine huniita jina hilo kwa kunitania, nami hujifanya sisikii. Hata hivyo nalipenda kuliko lile nililopewa ghalani, ambalo lilikuwa Magunia.

Programu niliyoizoea ilikuwa na ukurasa mmoja, mweupe na mpana, na vitufe vyake vilikaa juu bila kuhamahama, mwaka hadi mwaka. Asubuhi moja niliketi na kikombe changu cha chai, nikaifungua, nikakuta nyumba imehamishwa milango. Ukurasa haupo. Badala yake kuna visanduku: kila aya imefungiwa kisanduku chake, na ukibonyeza ili uende mstari mpya, kisanduku kingine kinazaliwa bila kuombwa. Vitufe hujificha, kisha hujitokeza wakati huvihitaji. Nikiandika sababu (a), programu yenyewe hudakia na kuniwekea (b), kabla sijaamua kama ninayo sababu ya pili.

Palikuwa na kiungo kidogo pembeni kilichomruhusu mtu kurudi kwenye mfumo wa zamani. Nilikitumia kwa miezi kadhaa, kama mpangaji anayeingilia mlango wa uani ili asikutane na mwenye nyumba. Hatimaye nacho kikaondolewa, pamoja na ujumbe wa kunishukuru kwa uvumilivu ambao sikuwa nimeuonyesha.

Nilikwenda kwa kinyozi wa hapa jirani, ambaye naye ana blogu ya mambo ya mpira, nikitarajia kumkuta na kilio kama changu. Nilimkuta anafurahi. Alisema mfumo mpya umemkaa vizuri kama shati la kushonesha, na kwamba sasa picha anaweza kuzipachika popote. Nilipoendelea kulalamika aliniambia, mkasi ukiwa hewani na mteja akisikiliza, kwamba mchagua jembe si mkulima. Nilimwuliza kama yeye angekubali kunyoa kwa mkasi uliopinda. Akasema mkasi wake haujapinda. Wateja walicheka, na sikuona walikuwa wanamcheka nani.

Maana hapo ndipo penye jambo lenyewe, dada. Visanduku ningevizoea, hata kama ni kwa shingo upande. Kilichonishinda ni kwamba baada ya mabadiliko hayo herufi zilififia, na mistari ikaanza kupinda. Katikati ya ukurasa kila mstari ulibonyea, mfano wa kamba ya nguo iliyoanikwa blanketi bichi. Nilifikia uamuzi, ambao wakati ule niliuona ni wa kimantiki, kwamba visanduku vile vinaigandamiza mistari.

Kazi ilianza kuharibika. Alikuja mama mmoja ambaye mwanawe hutembea kwa kiti cha magurudumu, na darasa lake lilikuwa ghorofani. Kila asubuhi mama huyo humpandisha mgongoni, kisha hurudi chini kuchukua kiti. Alitaka niiombe shule ihamishie darasa hilo chini. Niliiandika barua ile kwa moyo wangu wote, nikampa nakala, na Ijumaa nikaichapisha kwenye blogu. Mwalimu mkuu alijibu kwa adabu kwamba amepokea salamu zetu, amezisoma sababu zetu na zimemgusa, ila anaomba kufahamishwa ni nini hasa tunachoomba. Nilirudi kuitazama. Ombi lenyewe halikuwamo. Kisanduku cha katikati kilikuwa tupu, na mimi nilikuwa nimekipita bila kukiona.

Mama yule hakunilaumu. Aliketi barazani, akasema hata yeye mambo humpita siku hizi kwa uchovu. Ni afadhali angenilaumu. Nilimwambia kosa ni la programu, nikayaamini maneno yangu mwenyewe, na siku hiyohiyo nikaanza kuiandikia kampuni lalamiko rasmi. Niliwaeleza kwamba (a) visanduku ni kero; (b) herufi zimefifishwa; na (c) mistari imepindishwa, jambo linaloweza kumkosesha mtoto darasa lake. Kinyozi alitia jina lake chini ya langu kwa ajili ya ujirani, akaniomba tu nisiwashawishi waiondoe ile sehemu ya picha. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba wasiponisikiliza, blogu nitaifunga, na watu wa barazani nitawaelekeza kwingine.

Wakanijibu. Majibu yao yalikuwa ya kiungwana, lazima niseme hivyo. Kuhusu visanduku walinieleza faida zake, kuhusu herufi walisema rangi haijabadilishwa, na kuhusu mistari waliomba niwapigie picha ya skrini. Niliipiga, nikaitazama, nikaona mistari imepinda waziwazi, nikaituma kwa furaha ya mtu aliyemkamata mwizi na kuku mkononi. Wakajibu kwamba katika picha hiyo wao wanaona mistari imenyooka.

Nilimwita wifi yako awe shahidi. Alikuja anafuta mikono, akatazama, akasema mistari imenyooka. Nikamwomba atazame vizuri. Akasema imenyooka vizuri. Nilihisi kwamba hata nyumbani kwangu nimesalitiwa, basi nikaingia chumbani nikatoka na rula yangu ya chuma, ile niliyoitumia ghalani tangu ujana, nikaibandika juu ya skrini chini ya mstari wa kwanza ili kumaliza ubishi.

Rula nayo ikapinda.

Niliigeuza upande wa pili. Ikapinda hivyohivyo, palepale katikati. Wifi yako aliniuliza, kwa sauti ya chini ambayo huwa haitumii kwangu, “Na rula nayo wameibadilisha?”

Nyani, dada, haoni, unayajua yaliyobaki. Kesho yake alinipeleka kliniki ya macho.

Muuguzi alinipa karatasi iliyochorwa miraba, akaniagiza nizibe jicho moja na kutazama nukta ya katikati. Kwa jicho la kushoto miraba ilikaa sawa kwa kiasi kikubwa. Kwa la kulia ile ya katikati iliinama na kudidimia, na mahali pengine hapakuwa na kitu chochote. Nilimwuliza kama karatasi ile ilichapishwa vizuri. Alisema swali hilo huulizwa na wengi.

Daktari, mwanamke wa umri wa binti zetu, alinieleza taratibu kwamba ile sehemu ya ndani ya jicho inayosoma na kutambua nyuso imechakaa. Pembeni nitaendelea kuona. Sitagongana na milango. Ipo dawa ya kuzuia hali isizidi, lakini kilichokwisha kuharibika hakirudi, na miwani hainyooshi mstari. Alisema ningefika mapema, hata hilo la kulia lingesalimika kwa sehemu kubwa. Nilimjibu kwamba nilichelewa kwa sababu nilikuwa nasubiri majibu ya kampuni. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Hiyo ndiyo ile sehemu ndogo niliyokuambia. Sikuiweka juu kwa sababu ungeacha kusoma na kuanza kulia, na bado kuna mambo ya kueleza.

Nimeiandikia kampuni barua ya pili, nikiondoa sababu (b) na (c) na kuomba radhi kwa usumbufu. Sababu (a) nimeibakiza kwa kuwa ni ya haki. Blogu sijaifunga. Mimi nasema, wifi yako anachapa, na hivi ndivyo ilivyoandikwa hata barua hii. Visanduku anavipenda: nikibadilisha mawazo, anainyanyua aya nzima na kuihamishia juu bila kugusa nyingine, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Nimekubali kimoyomoyo kwamba vinafaa, ila kampuni sijaiarifu. Taabu iko kwingine. Nikitamka “unyenyekevu mkubwa usio na kifani”, yeye huuliza kama unyenyekevu wa kawaida hautatosha. Barua ya mama yule tuliiandika upya, na aliipunguza mpaka ikabaki nusu, nikaona haya kuitia jina langu. Darasa limehamishiwa chini. Sijui kama ni kwa sababu ya ufupi, na nimeamua kutouliza.

Sasa nafika kwenye ombi, maana nimekwisha kufundishwa kwamba linaweza kusahaulika.

Daktari aliniuliza kama yupo mwingine katika familia mwenye tatizo hili. Nilijibu kwamba hayupo. Nilipofika getini ndipo nilipomkumbuka Baba, alivyokuwa akikata utambi wa taa kila jioni na kumlaani muuza mafuta kwa kuchanganya maji, na sisi watoto tukiiona taa inawaka vizuri kabisa, tukicheka chini ya shuka. Nilirudi ndani nikamweleza. Akaniambia kwamba basi ndugu zangu wote wakapimwe, wanaojiona wazima na wasiojiona wazima. Dada, ndugu zangu wote ni wewe.

Mwezi uliopita uliniambia kwamba sindano za siku hizi zinatengenezwa ovyo, matundu ni madogo na uzi haupiti, na kwamba uliirudisha dukani pakiti nzima ukamsema mwenye duka mbele ya wateja. Mimi nilikuunga mkono. Nilijitolea hata kukiandikia kiwanda lalamiko, na kabla sijakata simu nilikuwa nimeshapata sababu (a). Wewe umeshona tangu usichana wako. Umetunga uzi katika giza, ndani ya basi, ukiwa na mtoto kifuani, na sijawahi kusikia sindano ikikushinda. Kwa heshima na taadhima, dada yangu, sindano hazijabadilika.

Wifi yako ameichapa barua hii kwa herufi kubwa kwa makusudi. Kabla hujaikunja, ziba jicho moja kwa kiganja, utazame nondo za dirisha lako, kisha uzibe la pili ufanye vivyo hivyo. Vyovyote utakavyoziona, ziwe zimepinda au zimenyooka, nakuomba uende kwa daktari wa macho. Lile lalamiko la kiwanda nimeliweka kando. Sitaliandika mpaka nisikie daktari amesema nini.

Wasalimie wajukuu mmoja mmoja kwa majina yao, na shemeji umpe mkono wangu. Mengine tutayazungumza tutakapoonana, na nimechagua neno hilo nikijua maana yake.

Ni mimi mdogo wako, niliye chini yako kwa umri na kwa kila jambo la busara,

Taadhima

Wifi, hapa ninachapa yangu mwenyewe. Sababu zake ni nyingi na zote ni za kweli, lakini nakujua: utaikunja barua na kuiweka chini ya kitambaa cha meza. Nimeshakata tiketi. Jumatatu asubuhi nitakuwa mlangoni kwako. Nikukute umevaa viatu.