Kadi za Asiyekuwepo

Jumapili, 4 Mei 2025

Leo mwaka mmoja na miezi minne tangu niondoke nyumbani. Niliaga kwa miezi mitatu. Krismasi nikasema nakuja – sikwenda. Pasaka nikasema nakuja – sikwenda. Sasa nimesema Jumapili ya Ekaristi, tarehe 22 Juni, binti yangu Clara anapokea komunyo ya kwanza. Nilimwambia mke wangu Sesilia kwenye simu. Akasema: haya.

Haya tu.

Mvua tangu alfajiri. Hapa Madale, kwenye nyumba tunayojenga, maji yanashuka kilimani na kuchukua mchanga wetu. Nimeuzibia kwa tofali, bure. Wenzangu Jumapili wanakwenda makwao, Mbagala, Tandale. Mie kwangu ni stoo, mimi na mifuko ya saruji. Daftari hili fundi alilitupa, kurasa za mbele zina hesabu za nondo. Za nyuma ni zangu. Naandika ili nisisahau kuongea.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya ajabu!

Mwenye nyumba, Mwalimu Gibson, anakujaga kila Jumamosi mchana kukagua. Akishakagua anakaa kwenye sebule isiyo na madirisha na kucheza kadi na watu wake. Amepanga Mwananyamala, anasema huko kelele hazimpi nafasi ya kufikiri. Meza ni mbao zetu za zege juu ya tofali.

Nilidhani ni karata. Siyo. Ni kadi za picha: ndege, askari, mito, kuta. Mchezo unaitwa Ngome. Watu wananunua pakiti, wanazikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Maandishi ni ya Kiswahili kwa hiyo nazisoma, darasa la saba langu linatosha.

Sasa limetoka toleo jipya. Zamani kila mtu alijichezea mwenyewe. Hili jipya linataka watu wanne, wawili wawili, na wenza hukaa wakitazamana. Wao ni watatu: Mwalimu, dada yake Tusajigwe, na Projestus, mtu wa Bukoba, karani wa bima. Wa nne kahamia Dodoma. Mwalimu akachungulia kwenye tundu la dirisha. Mie niko kwenye tofali.

– Albano! Nawa mikono, njoo uwe mtu wa nne.

Nikanawa mpaka kwenye viwiko.

Inakwenda hivi. Kila mtu anafungua pakiti ya kadi kumi na mbili. Anazitazama, anachukua moja, zilizobaki anampa wa kushoto. Wakati huohuo wa kulia naye anakupa zake. Zinazunguka hivyo mpaka ziishe. Ulizochukua ndizo utakazopigana nazo.

Nikapokea kutoka kwa Tusajigwe, nikampa Mwalimu. Nikapokea, nikampa. Haraka, mkono wangu unajua kazi hiyo. Siku ya zege tunapanga mstari, ndoo inatoka kwa wa kulia inakwenda kwa wa kushoto, na hakuna anayebaki na ndoo. Tusajigwe akapiga kelele:

– Kaka, hizo si ndoo! Chukua chako!

Sikuwa nimechukua hata moja. Walicheka, na mie nikacheka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Tulishindwa vibaya. Projestus, ndiye mwenza wangu, akasema njoo tena wiki ijayo, braza.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda. Leo nimeelewa kilicho kipya kwenye hili toleo. Inaitwa kuwekea.

Pakiti ikikufikia unachagua moja kati ya mawili. Uchukue kadi iwe yako, au umwekee mwenzio: unailaza kifudifudi mbele yake. Hawezi kukataa wala kukurudishia. Na hamruhusiwi kusemezana. Kwa hiyo lazima umjue. Utamjuaje? Kwa kilichopungua. Pakiti ile ile inakurudia baada ya kuzunguka meza, unaona kadi gani zimeondoka. Ndege wameondoka wote – basi kuna mtu anakusanya ndege. Nikamtazama Projestus, anatazama juu. Ni yeye!

Nikamwekea. Kila kizuri nikamwekea. Tusajigwe akaguna:

– Huyu naye! Anapika, anapakua, anatenga. Yeye mwenyewe anakula nini?

Alikuwa sahihi. Ngome ya mmoja ikianguka, wote wawili mmeshindwa. Mkononi nilikuwa na kadi tatu, yangu ikaanguka mapema. Nikamwambia Projestus samahani. Hakukasirika. Akanionyesha mbele yangu, mezani. Kadi tano zimelala kifudifudi.

– Hizi nilikuwekea wewe, braza. Mbona hukuziokota?

Nilizipita kwa macho muda wote. Nilidhani ni zake. Sikufikiria kuwa kuna kitu pale mezani ni changu.



Jumamosi, 24 Mei

Projestus hayupo. Kazini wamemtuma Kahama, wiki mbili, huenda tatu. Nilidhani basi, nimerudi kwenye tofali. Lakini toleo hili lina sheria yake, kiti kitupu. Mwenzako asipokuwepo unaendelea. Kila kadi ya pili lazima umwekee yeye, utake usitake. Zake zinafungwa kwa mpira, hazifunguliwi mpaka arudi. Wewe unacheza na nusu. Akikosa mara tatu mfululizo kiti kinafungwa, kadi zake zinarudi kwenye boksi.

Nimecheza peke yangu dhidi ya ndugu wawili. Sikuchukua hata dakika kumi kushindwa.

Lakini nimemwekea ndege watano.

Jumapili, 25 Mei

Nimepiga simu nyumbani. Kumbukumbu imenijia jana mezani, nikaona niulize.

Nilipokuwa kule, nikichelewa shambani, Clara ndiye alikuwa ananitengea chakula. Sahani ile ya bati yenye ua jekundu, juu anafunika kawa. Hata nirudi giza limeshaingia nilijua iko pale kwenye kona, karibu na mtungi. Nilipoondoka aliendelea. Mwaka jana wote ananiambia kwenye simu: baba, leo mlenda, nimekuwekea. Asubuhi anakila yeye.

Nikamuuliza: bado unaniwekea?

– Nilikuwaga nakuwekea, baba. Siku hizi tunakula chote.

Hakusema kwa ubaya. Ana miaka tisa. Alisema kama mtu anayesema mvua imekatika.

Nikamwambia tarehe 22 nakuja. Akasema: sawa baba. Kisha nikasikia anamwambia mama yake, mbali na simu: amesema tena.

Jumamosi, 31 Mei

Mara ya pili kiti kitupu. Tusajigwe hana dogo:

– Mtu yuko Kahama anakula samaki, wewe unampa ndege wa moto! Mie ningejipakulia.

Yule ndege wa moto ni kadi nzuri kuliko zote za leo. Sheria ilinibana kila kadi ya pili, na ile ilikuwa zamu yangu mwenyewe. Ningeweza kuichukua. Nikailaza kifudifudi mbele ya kiti chake. Mwalimu aliniangalia juu ya miwani.

Fundi mkuu, Godlisten, amesema slabu, zege la juu, ni tarehe 14. Vizuri. Slabu ikishamwagwa kazi inapoa wiki nzima zege likikomaa. Naweza kwenda na kurudi.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Mafundi wengi hawapo, saiti kimya. Kina Mwalimu wamekuja hivyo hivyo. Tulikaa, nikatazama kile kiti – ndoo iliyogeuzwa, kwa kweli, yeye hukalia ndoo. Leo asipotokea ni ya tatu. Mwalimu akasema tungoje kidogo. Tusajigwe akasema sheria ni sheria, kaka. Akashika pakiti, anataka kuchana.

Bodaboda ikaunguruma mlangoni. Projestus! Begi mgongoni, ametoka kwenye basi moja kwa moja. Hajafika hata kwake.

– Mmenifungia?

– Bado kidogo tu, Tusajigwe akasema. Shukuru huyu mlinzi wako.

Akavua mpira kwenye zile kadi. Akazitandaza. Moja moja. Ndege kumi na mbili na mto wa kuwanywesha.

– Albano. Hata ningekuwepo nisingezichagua hivi.

Tumeshinda! Mara ya kwanza. Tusajigwe alisema tumeroga. Walipoondoka nilibaki nimekaa pale kwenye mbao mpaka jua lilipotua. Nimemwekea mtu wa Bukoba ambaye sijui hata ana watoto wangapi. Na nilijua nikimwekea atarudi. Yeye naye alijua.

Jumamosi, 14 Juni

Hakuna slabu. Mirunda ya kushikilia mbao za zege haikutosha, nondo hazijafungwa zote. Imesogezwa Jumamosi ijayo, tarehe 21.

Nikamfuata Godlisten. Nikamwambia fundi, tarehe 22 mtoto wangu ana komunyo, na kwetu ni ng'ambo ya Masasi, lazima nisafiri siku hiyo hiyo ya 21. Akasema kila mtu ana mtoto. Akasema anayekosa slabu asijisumbue kurudi, watu wa kujaza nafasi wanashinda pale getini.

Nikaenda kwa Mwalimu. Nyumba si yake? Akavua miwani, akaifuta.

– Mambo ya vibarua ni ya Godlisten, ndugu yangu. Mie nikiingilia ataniachia nyumba juani.

Tukacheza. Nilicheza kama mgonjwa. Projestus aliniwekea kadi nne, nikazisahau tena palepale. Akanifuata nje, kwenye pipa la maji. Nikamwambia yote, Krismasi, Pasaka, na hii.

Hakunishauri. Akasema tu: hiyo ya tatu.

Jumatano, 18 Juni

Sesilia amenitumia picha. Gauni jeupe, Clara kalishika kifuani, hajalivaa. Hakuandika neno. Hakuuliza kama nakuja.

Mie pia sikusema. Nikisema, Clara atasema: amesema tena.

Ijumaa, 20 Juni

Kila kitu tayari. Mirunda imesimama kama msitu. Mchanga, kokoto, maji mapipa sita. Godlisten amepanga mstari wa kesho. Mie nafasi yangu ni ile ile, katikati ya ngazi ya mbao, kulia Benedikto, kushoto jamaa mmoja wa Tegeta. Nimesimama katikati yao kwenye kila zege tangu msingi. Huyu wa kushoto jina lake sijui. Mikono yake naijua. Kucha ya kidole gumba haipo.

Benedikto akanitania: kesho usije ukaumwa, mie mikono mifupi.

Ndivyo inavyokuwaga mtu akitoka kwenye mstari. Hawasimami. Wa kulia ananyoosha mkono, wa kushoto ananyoosha, ndoo inapita. Jioni hata alama ya alipokuwa amesimama haionekani.

Nimekunja nguo mbili. Nimezikunjua. Nimezikunja.

Jumamosi, 21 Juni

Mbagala. Niko ndani ya basi la Masasi, kiti cha dirishani. Halijaondoka. Lilikuwa liondoke saa kumi na mbili, sasa saa moja inakaribia, dereva na kondakta wako chini ya gari wanabishana juu ya tairi. Mama wa kiti cha pembeni, Tunu, anakwenda Lindi, amenipa andazi bila kuniuliza. Naandika juu ya goti.

Godlisten amepiga. Sikupokea. Amepiga tena. Zege limeanza, nasikia kama niko pale – chepe, mashine, Benedikto anatukana. Sasa wamenyoosha mikono.

Nimemwandikia Projestus: nimeondoka, leo kiti changu kitupu. Amejibu hapo hapo: nakuwekea. Halafu: mara mbili tu ninaweza, braza, unajua.

Najua. Kazi sina tena, sijui hata nitaingiaje kwenye ile sebule. Nimemjibu narudi Alhamisi.

Nyumbani sikuwa nimesema kitu. Nilitaka nifike tu, bila ahadi, wanione mlangoni. Lakini asiyejulikana kama anakuja nani atamwekea? Basi nimeandika. Sesilia, naomba mwambie Clara aniwekee leo. Ile sahani ya ua.

Imekwenda. Dakika ishirini sasa. Hajajibu. Labda yuko kisimani. Labda anamsuka Clara. Labda amesoma, ameiweka simu chini.

Kondakta amepanda, mikono myeusi ya grisi, anasema tukae. Injini imewaka. Imezima. Imewaka.

Nafika leo, saa moja jioni.