Madaftari Niliyoyafunga kwa Kamba

Dada Mwende,

Tangu nimonia ikuchukue mwaka juzi, Mwaitu, mama yetu, bado anatoa kikombe chako, halafu anakirudisha kabatini. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Nilitaka uwe wa kwanza kuniona bila sare.

Lakini ninakuandikia kwa sababu ya mwalimu wako, yule aliyekusimamia kwenye uzamili wa saikolojia. Siku ya mazishi alikusifu mpaka Mwaitu akalia, kisha akaomba madaftari yako ya utafiti, eti chuo kiyahifadhi. Mimi ndiye niliyeyafunga kwa kamba nikampa. Mimi, Dada. Sasa ametoa kitabu kuhusu huzuni ya wachongaji wa vinyago wa kule Wamunyu. Maneno ni yako. Jina ni lake. Lako halimo hata kwenye shukrani.

Unakumbuka ulipochagua njia ya utafiti, ukaacha ile ya kutibu wagonjwa? Mwaitu aliuliza, "Sasa utaponya watu ama utawaandika?" Ukacheka. "Nitawaandika kwanza, ndio waponywe vizuri."

Mwalimu wako ameandika kwamba aliwakusanya mafundi ukumbini akawapa fomu. Mwongo! Fundi wa Wamunyu hasemi ya moyoni mikono ikiwa mitupu. Wewe ulijaribu fomu, ukapata "niko sawa" kila ukurasa. Ndipo ukaketi chini nao, ukawapigia twiga wao wa mbao msasa, mimi kando nimeganda, nimeshika simu ya kurekodi. Mzee Mutua, mmoja wa mafundi hao, akasema, "Mwende, huyu ni mdogo wako ama ni kinyago? Muweke pale mbele, mteja atamnunua." Halafu, bila kuinua macho, akasimulia kuhusu mtoto wake aliyemzika.

Simu hiyo ninayo, na rekodi bado imo. Msasa unasikika. Unasikika. Nilimwomba Mzee ruhusa ya kuicheza mbele ya watu, akajibu, "Icheze. Na mimi nitakuja."

Ijumaa mwalimu wako anakizindua kitabu hicho chuoni, mbele ya wakubwa wake na wanafunzi wake. Sitaki aombe msamaha. Nataka akose pa kuweka macho, kama mimi nilivyokosa kila nilipoitwa ubaoni. Nimeona haya maisha yangu yote. Sasa ni zamu yake.

Baadaye nitasoma saikolojia mpaka nifike ulipofika. Nitayamaliza madaftari yako, na jina la kwanza juu litakuwa Mwende.

Pumzika, Dada. Ijumaa kinyago kitasema.

Mdogo wako,
Mumbua