Nimemficha Baba Barua ya Mkaguzi wa Hataza

Shangazi Teresiah,

Natumai u mzima. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, tunaishi mtaa wa Tena, na safu yako huisoma kila Jumamosi kabla Baba hajalichukua gazeti kwenda kufungia vinyago, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakayekuandikia, kwa sababu mimi si mtu wa kusema mambo yangu, hata darasani nikijua jibu huliandika pembeni mwa daftari nikasubiri mwingine alitaje. Lakini sasa nimekwama na nyumbani siwezi kusema.

Baba yangu ni mchongaji. Ana kibanda Shauri Moyo, na kwa miaka thelathini amechonga twiga na swara, tena wawili wawili wanaofanana hadi huwezi kuwatofautisha, na chini ya kila kinyago huandika nambari sitini na moja kwa penseli, maana chama chao cha wachongaji hutumia nambari za wanachama, si majina. Mimi huniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na akiniita hivyo mbele ya watu huwa naona haya, ingawa nikiwa peke yangu hulikumbuka na kufurahi.

Mwaka jana nilisoma katika jarida moja la maktaba kwamba mawimbi ya redio yanaweza kusokotwa. Maana yake ni kwamba wimbi, badala ya kwenda limenyooka, huenda likijizungusha kama uzi wa mkonge Mama anapousokota pajani kwa ajili ya kiondo, na wimbi la namna hiyo linaweza kupita hewani pamoja na lile lililonyooka, kwenye masafa yale yale, kila moja likibeba ujumbe wake bila kuchanganyika. Sikulala vizuri kwa siku kadhaa kwa kuliwaza jambo hilo. Nilikwenda kumweleza Baba kibandani akiwa anapiga msasa, nikamchorea dishi linaloweza kusokota wimbi: ni kama dishi la kawaida lililokatwa mara moja kutoka katikati hadi ukingoni, kisha ukingo ukapandishwa polepole kulizunguka mpaka unapofika pale palipokatwa umepanda sentimita sita. Akaigeuza karatasi juu chini, akasema, "Hii ni ngazi inayofukuza mkia wake." Halafu akauliza nataka ngapi.

Alichonga mawili ya mjakaranda, moja la kutuma na moja la kupokea, tukayafunika kwa karatasi ya aluminiamu, moja tukaliweka kwenye roshani yetu na jingine karibu na tangi la maji la jirani, na ujumbe ukapita. Nilipiga makofi peke yangu. Lakini mvua iliponyesha na jua likawaka, mti ulipinda kwa unene wa kidole na ujumbe ukaanza kufika vipande vipande. Baba aliyachukua akaondoka nayo. Mara ya pili alichonga kwa namna yake mwenyewe, nusu ya kazi akaifanya mti ukiwa mbichi, akayazika madishi kwenye vumbi la mbao lenye unyevu kwa wiki tano, akayafukua na kumalizia kwa tezo ndogo akianzia katikati na kufuata miviringo ya mti. Sikumuuliza kwa nini. Madishi hayo yamekaa nje masika yote, na nikipima bado ni sentimita sita kamili.

Mwalimu Nerima, anayetufundisha fizikia, ndiye aliyesema tuombe hataza, ile hati ya serikali inayosema kitu hiki mmekibuni ninyi. Maelezo niliyaandika mwenyewe, kurasa kumi na tisa, zote za mawimbi na milinganyo, na habari ya mti nikaiweka mstari mmoja tu katika aya ya kumi na moja, kwamba madishi yamechongwa kwa mti na hayapindi. Mahali pa kuandika aliyebuni niliandika jina langu. La Baba nililiweka kwenye nafasi ya mwombaji, kwa kuwa mimi sijafika umri. Nilimuuliza kama ni sawa akasema, "Andika lako, mwaitu. Mimi nilichonga tu."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Tulipokwisha kupeleka maombi, shuleni kulikuwa na siku ya sayansi, na Baba ndiye aliyeyabeba madishi kutoka Tena, ameyafunga ndani ya koti lake la kanisani ili yasikwaruzwe. Owen wa chama chetu cha sayansi akalishika moja, akaligeuza akasema, "Wasee, hii ni sayansi ama ni mwiko ya ugali?" Wote wakacheka, nami nikahisi uso unawaka, na mgeni mmoja aliyekuja kukagua kazi zetu akaniuliza nani aliyelichonga. Baba alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu. Nikasema, "Fundi fulani wa Shauri Moyo." Baba alinitazama kidogo, kisha akampa mgeni mkono akasema, "Ndiyo, bwana, fundi ndiye mimi." Hakusema ni baba yangu. Tulipokuwa tukirudi nyumbani alininunulia mahindi ya kuchoma, akaniuliza kama nimechoka.

Barua kutoka kwa mkaguzi wa hataza ilikuja baadaye. Barua za Kiingereza mimi ndiye humsomea Baba, kwa hiyo niliifungua nikiwa peke yangu, na mambo makubwa yaliyomo ni haya, nimeyatafsiri kadiri nilivyoweza. Kwamba madai yetu, yaani mambo tunayosema tumeyabuni sisi, la kwanza hadi la sita, si mapya, kwa kuwa dishi lililopindwa la kusokota mawimbi limo katika hati tatu za zamani, moja yake iliandikwa kabla sijazaliwa. Kwamba katika hati hizo zote madishi ni ya chuma au plastiki na yamekatwa kwa mashine. Kwamba aya ya kumi na moja inataja dishi la mti lisilopinda kwa mvua wala jua, ila namna ya kulipata haikuelezwa kiasi cha mtu mwingine kuweza kuifuata, na mwombaji anaombwa afafanue. Kwamba tunapewa siku tisini za kujibu, na tusipojibu maombi yatahesabiwa yameachwa.

Niliposoma "si mapya" nilikaa chini pale pale. Baba alipofika jioni akauliza wamesemaje, nikamwambia bado wanaisoma. Shangazi, yeye amekwisha kuwaambia watu wote wa Shauri Moyo kwamba binti yake ni mvumbuzi, ameliambia kanisa, amemwambia hata mama anayemuuzia chai, na kila Ijumaa huniuliza, nami kila Ijumaa husema bado wanaisoma, na yeye husema, "Basi wanaisoma vizuri." Barua nimeificha ndani ya atlasi. Zimebaki siku ishirini na mbili. Wiki hii kasema shule zikifungwa atakwenda mwenyewe ofisini kwao na dishi moja mkononi, akawasaidie kuelewa, na Mama ameshalipiga pasi lile koti.

Nimefikiria kuwaandikia kimya kimya kwamba tunaondoa maombi, halafu nimwambie Baba kwamba ofisi haitoi hataza kwa watu wa umri wangu. Najua ni uongo. Lakini nitamwambiaje kwamba wazo alilolibeba ndani ya koti lake lilikuwa la watu wengine tangu zamani? Nisaidie, Shangazi. Jina langu usilitoe.

Msichana wa Tena

* * *

Binti yangu wa Tena,

Pole kwanza. Siku sitini na nane za kudanganya mtu unayempenda ni mzigo, na naona umekuchosha. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Wewe ni msomaji mzuri, lakini barua hii umeisoma vibaya. Umefika kwenye "si mapya", ukakaa chini, na moyo wako haukuinuka tena, ingawa mkono wako uliendelea kunakili yaliyobaki bila kosa. Nimeyasoma mara tatu. Mkaguzi hajakukataa. Amekuambia kwamba kusokota mawimbi kunajulikana, sawa, basi kumbe wewe ukiwa Tena na jarida la maktaba umefika pale walipofika wahandisi wenye maabara, na kwa hilo mimi ningeshona gauni jipya. Kisha akakuambia kwamba katika yote aliyoyapekua hakuona dishi la mti lisilopinda, na akauliza: mlifanyaje?

Mlifanyaje, binti? Uliyaona, lakini sababu zake huzijui. Umesema mwenyewe, hukumuuliza. Katika kurasa zako kumi na tisa, kitu pekee ambacho mtu yule alisimama akakitaka zaidi ni mstari ule uliouficha kwenye aya ya kumi na moja kama mtu anayesukuma kiatu kilichotoboka chini ya kiti wageni wakija. Kazi ya baba yako ndiyo inayoulizwa, nawe unataka kuiondoa kimya kimya ili kumlinda. Unamlinda na nini?

Nakuambia ninachokiona. Tangu siku ile ya sayansi unamwogopa baba yako, na si kwa sababu ni mkali. Unaogopa wema wake. Alikusikia ukisema "fundi fulani", akalibeba jina hilo ili wewe usiaibike mbele ya mgeni, na akakununulia mahindi. Tangu hapo hujui umtazame vipi. Ile barua imekupa tu mahali pa kujificha.

Nimekwisha kugomba. Sasa fanya haya, tena usipange upya.

Jumamosi hii, gazeti likisomwa, toa barua kwenye atlasi uende nayo Shauri Moyo. Usimwambie nyumbani mbele ya Mama na pasi. Nenda kibandani, mahali anapojua kila kitu kilipo. Anza na siku ya sayansi. Sema, "Baba, nilisema fundi fulani, na nilikuwa nimesimama mbele ya baba yangu." Usiongeze hadithi ya Owen wala ya mgeni. Kisha msomee barua yote, neno kwa neno, hata zile hati tatu, na mwambie tangu lini unayo. Ataichukua barua aitazame mwenyewe. Mwache. Mtu aliyeyachukua madishi yaliyopinda akayarudisha yamenyooka hataanguka kwa habari ya hati za zamani.

Halafu ukifika kwenye aya ya kumi na moja soma polepole, ufungue daftari, umuulize yale ambayo hukuwahi kumuuliza. Mti ulikatwa mwezi gani? Unyevu wa lile vumbi anaujuaje, kwa kiganja au kwa harufu? Kwa nini wiki tano, kwa nini si tatu? Kwa nini aanzie katikati? Atakuambia hajui, mikono ndiyo inayojua. Usikubali. Mpe kipande cha mjakaranda aanze kuchonga, uandike anachokifanya kila anapokifanya, na pale asipoweza kusema, pima. Hapo ndipo milinganyo yako itakapopata kazi. Mwalimu Nerima awasaidie kuipanga, na jibu lifike ofisini kabla ya siku ya ishirini na mbili, si siku yenyewe.

Mwende wote wawili. Baba avae koti na abebe dishi, kama alivyotaka. Mkiwa pale ulizeni namna ya kusahihisha sehemu ya aliyebuni. Mimi si wakili, wao ndio watakaowaonyesha karatasi inayotakiwa. Lako libaki, ulilitolea jasho. La kwake liandikwe kando ya lako. Hataza yenyewe mnaweza kuipata au kuikosa, sitakudanganya, umedanganya vya kutosha kwa nyumba nzima. Lakini ikikosekana, ikosekane mkiwa mmesema kweli juu ya nani alifanya nini.

Atakataa, najua. Atasema yeye alichonga tu. Mwambie mkaguzi amesoma maelezo yenu yote, na swali lake ni juu ya huko kuchonga tu. Kisha mpe kalamu, maana penseli hawaikubali, na umwonyeshe mahali pa kuandika. Kwa miaka thelathini ameandika sitini na moja chini ya kila kitu kilichotoka mkononi mwake. Safari hii wanataka jina.

Shangazi Teresiah