Ufunguo Mkebeni, Kaplong

Baba Njeri wangu,

Huku majani ya chai yanang'aa kwa mvua. Jana mchana tukila ugali na mursik, maziwa yao ya kugandishwa, kwa Mama Chebet, mwenyeji wangu, jamaa mwenye mkoba alisimama mlangoni akiulizia ng'ombe. Mara gari lako pale uani likawaka taa na kufunguka lenyewe, ufunguo ukiwa mezani! Mwenzake yule jamaa akachomoka nje na kuingia kwenye usukani.

"Huo mkoba unavuta mawimbi ya ufunguo na kuyapeleka garini!" Mama Chebet akapiga kelele, akautupa ufunguo kwenye mkebe wa bati na kufunika kabisa.

Mwizi garini alibonyeza na kubonyeza kitufe cha kuwasha. Gari likakataa kuwaka. Wakatoroka. Yaani bati jembamba hivyo, Baba Njeri! Hadi sasa nastaajabu.

Gari liko hapa, linanyeshewa. Wafunike watoto vizuri.

Mama Njeri