Kipande cha Mninga Chini ya Pedeli

Baba, shikamoo.

Nimeandika shikamoo halafu nikakaa kusubiri marahaba. Mazoea yana taabu. Niko hapa mashineni, nimekalia debe lako, karatasi iko juu ya gunia la pumba. Injini inaunguruma, mkanda wa pili nimeufunga kwenye dainamo kama ulivyonionyesha, na gari lako liko nje ya dirisha linachajiwa tangu jana. Wanawake wawili wameleta uwele. Wananiona nafuta macho na wanadhani ni vumbi la unga, nami nimewaacha wadhani hivyo.

Naogopa, Baba. Bora niliseme mapema nisije nikalizunguka.

Zuhura ana mimba, na imeshafikia mwisho. Uliondoka hujui, maana hata yeye mwenyewe alikuwa hajajua. Unakumbuka mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa. Mkunga amesema huyu wa pili asijaribiwe nyumbani hata kidogo, azaliwe Mpwapwa, hospitali, palipo na daktari wa upasuaji. Tulipanga huyu mdogo wangu apande lori la mnada Jumamosi akakae kwa shangazi hukohuko. Jana mkunga alikuja, akamshika tumbo, akasema mtoto ameshashuka na Jumamosi ni mbali. Kwa hiyo limebaki gari lako, na wa kuliendesha ni mimi.

Mambo yamebadilika tangu utuache. Siku hizi kila kitu ni ruksa, na ng'ambo ya barabara kuna mashine nyingine ya kusaga, mpya, ina rangi ya kijani. Dukani kuna sabuni za kila harufu, na vijana wanavaa mitumba yenye maandishi wasiyoyaelewa. Baadhi ya wateja wetu wamehama. Wengine wamebaki kwa sababu yako, na wengine wamebaki ili wapate kulicheka gari huku wakisubiri unga.

Walilicheka tangu siku ulipolileta. Wale wageni wa mradi wa mifugo walimaliza kazi yao wakawa wanauza vyombo, na wewe ukaenda na fahali wetu wawili ukarudi na kigari kisicho na tangi la mafuta, kinavutwa na punda. Mama hakusema nawe siku tatu. Kijiji kizima kilikuja kuchungulia chini ya viti kutafuta injini. Lilikuwa likitoka hapa hadi Kibaigwa, likigeuka kurudi linazimika njiani, nasi tunalisukuma jua likituchoma, na watoto nyuma yetu wakiimba.

Hukukasirika. Uliniambia gari la umeme ni kama mpagazi wa zamani, anayevuka Ugogo na kibuyu kimoja cha maji. Kumwongezea kibuyu peke yake hakutoshi. Mpunguzie mzigo, na mwambie asikimbie.

Basi mwaka mzima tulikuwa kwenye kazi hiyo. Tuling'oa milango ya chuma tukaweka turubai. Tulitoa kiti kimoja cha nyuma tukapanga betri sita za lori, ukaziunga na zile za zamani kwa nyaya nene kama kidole gumba. Breki zilikuwa zinakwaruza kidogo, ukazilegeza, ukazungusha gurudumu kwa kidole na kuniambia nihesabu linazunguka mara ngapi kabla ya kusimama. Ulizunguka kwenye mabaki ya mitambo ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, kule Kongwa, ukitafuta beringi itakayoingia, mpaka walinzi wakakuzoea. Na maji ya betri! Kisima chetu kina chumvi, hata chai inajua, kwa hiyo tulikinga mvua kwenye bati na ukayaficha madumu chini ya kitanda. Mama alisema ameolewa na fundi na sasa analala na betri.

Kisha ukachukua msumari ukachora mistari mitatu kwenye kioo cha geji ya chaji. Mmoja wa korongo la mchanga, mmoja wa kituo cha ng'ombe, mmoja wa chini ya kilima cha mwisho kabla ya Mpwapwa. Mshale ukiwa juu ya mstari wa mahali ulipo, utafika. Ukiwa chini, hufiki. Tulipakia magunia ya mchanga yenye uzito wa watu watatu tukaenda, na tukafika mshale ukiwa bado una nafasi. Ulishuka ukalipapasa boneti mbele ya watu.

Lakini tulifika ulipokuwa ukiendesha wewe. Nilipoendesha mimi halikufika. Ndipo ukakata kile kipande cha mninga, ukakilainisha kwa tupa, ukakigongomea chini ya pedeli ya mafuta. Tuliendelea kuiita pedeli ya mafuta ingawa gari lenyewe halikujua mafuta ni nini. Kile kipande kiliuzuia mguu wangu usifike chini. Ulisema, "Mguu wako una haraka, Mwanaidi. Haraka ndiyo inayomaliza chaji." Nilinuna. Nilihisi umenifunga kamba kama mbuzi. Leo natamani ningenuna miaka mia, mradi uwepo.

Sasa ninalotaka kukuambia, Baba, wewe unalijua. Ulikuwepo. Lakini sijawahi kulisema.

Siku ile ulipoanguka hapa mashineni, umeshika kifua, tulikubeba tukakulaza nyuma na kichwa chako mapajani mwa Mama. Niliingia nikakanyaga, nikahisi kile kipande kinanizuia. Niliinama nikaking'oa kwa mikono miwili, nikakitupa uani. Halafu nikakanyaga mpaka chini. Lilikimbia kuliko lilivyowahi kukimbia. Turubai lilikuwa linapigapiga, Mama anasema kanyaga, kanyaga, na wewe nyuma yangu, kwa sauti ndogo, ukasema, "Polepole. Polepole tutafika." Ulisema mara mbili. Nilidhani unalionea huruma gari.

Korongoni mshale ulikuwa chini ya mstari. Niliuona. Niliuona, Baba, na badala ya kupunguza nikaongeza, kwa woga.

Tulisimama katikati ya kilima cha mwisho. Mabati ya Mpwapwa yalikuwa yanaonekana. Wachunga ng'ombe walikuja kusukuma, na kabla hatujafika juu Mama akasema tuache kusukuma.

Daktari alisema huenda hata tungefika mapema usingepona. Hilo neno huenda ninalala nalo na kuamka nalo.

Na mimi nikanyamaza. Watu walisema betri zilikufa, gari la Fundi Ramadhani limemuua mwenyewe, nikanyamaza. Msibani Mzee Ndahani, mtani wako, alijilaza mbele ya gari akakataa jeneza lipite mpaka apewe kitu. Alisema, "Msukumeni huyu Mnyamwezi, chaji imemwishia. Babu yao naye aliletwa na misafara, chaji ikamwishia hapahapa, ndiyo maana wapo." Watu walicheka, hata Mama alicheka machozi yakimtoka, na ndivyo utani unavyotakiwa kufanya. Mimi nilikwenda kujificha nyuma ya choo. Kazi ya mikono yako ilikuwa inachekwa kwa kosa la mguu wangu.

Miezi yote hii nimelitunza gari. Nimeongeza maji ya mvua, nimesugua kutu kwenye vichwa vya betri, nimejaza upepo hadi matairi yakawa magumu kama jiwe. Sijaliendesha zaidi ya hapo kwenye kona. Kila nikishika usukani naona kile kilima.

Jana mkunga alipoondoka, Zuhura alisema hapandi. Alisema bora mkokoteni wa ng'ombe, maana gari hilo lilimuua Baba na halitamuua na yeye. Mkono wake ulikuwa tumboni. Nikaona kwamba nikiendelea kunyamaza atazalia hapa nyumbani, nami nitazika tena. Nilikuwa sijaogopa hivyo maisha yangu yote. Nilikuwa nawaogopa wale watu wawili, mama yangu na mdogo wangu, kuliko kile kilima.

Nikasema. Nilisema nikiangalia chini. Kwamba betri zilikuwa nzima. Kwamba kulikuwa na kipande cha mti, na nilikitoa, na Baba alisema polepole na sikumsikiliza.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Nilijua ameshindwa kuniangalia. Nikasikia sufuria inaepuliwa, kisha akarudi na kitu mkononi. Kilikuwa kipande chako cha mninga, Baba, cheusi kwa masizi, upande mmoja umeungua. Alikiokota uani tuliporudi na maiti yako. Miezi yote hii amekuwa akikitumia kukazia figa linalocheza, na mimi napika juu yake kila siku bila kukiona.

Alikiweka mapajani mwangu, akasema, "Mguu ulikuwa wako. Sauti ya kanyaga ilikuwa yangu. Nami nimenyamaza vilevile." Kisha akakaa chini, kwenye sakafu, jambo asilolifanya siku hizi kwa sababu ya magoti yake, akasema, "Siku ya kumpeleka huyu, nikisema kanyaga usinisikilize."

Zuhura alitutazama wote wawili. Halafu akauliza kama turubai la upande wake linafungika vizuri, maana hapendi vumbi.

Usidhani kwamba sasa nimepona woga. Wamenisamehe, au wamesema hivyo, lakini kilima kiko palepale. Nimekihesabu kichwani asubuhi yote: korongo, kituo cha ng'ombe, chini ya kilima. Zuhura atapiga kelele, yeye huwa hajikazi, na kila kelele itashuka hadi kwenye wayo wangu. Hilo ndilo ninaloliogopa. Siziogopi betri zako. Nauogopa mguu wangu.

Nimekirudisha kipande. Wewe ulikigongomea msumari mmoja, mimi nimepiga mitatu. Nimejaribu kukitikisa kwa nguvu zangu zote na hakitoki.

Unga wa wale wanawake umekwisha, wanajitwika. Mmoja ameniuliza gari litafika wapi safari hii. Nimemwambia Mpwapwa, na amecheka kidogo, kisha ameniombea dua. Mshale umefika mwisho wa juu kabisa.

Baba, Mama ananiita kutoka uani. Ameniita Mwanaidi binti Ramadhani. Unajua huniita jina zima siku ya namna gani.

Nazima injini. Barabara inapita kando ya makaburi, lakini gari lako halina kelele, huenda usitusikie. Ukihisi kitu kinapita taratibu mno, kama kimesahau safari, ni sisi. Mola akupe kivuli huko uliko na akunyweshe maji yasiyo na chumvi. Nakuahidi, Baba: Zuhura atalia, Mama atasema kanyaga, nami nitawasikia wote wawili, na sitakanyaga.

Mwanao,
Mwanaidi